Kwa Nini Kila Kilima Kina Nondo Wake

Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna karanga tafuna kwa upole, maana habari hii ina sehemu za kunong'ona. Nitawaeleza kwa nini hapa kwetu Isofwe, taa ikiwashwa jioni, anakuja nondo mdogo wa rangi ya majivu mwenye ukingo wa dhahabu kwenye mbawa, na ukivuka bonde kwenda Itamba humwoni tena hata uwashe taa za ukoo mzima. Watu wa Itamba wana nondo wao wa manjano. Sisemi ni mbaya. Nasema wa kwetu ana dhahabu.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Uwanda huu wote wa nyasi, tangu matopeni Itamba hadi vilima vyekundu vya Kasense, ulikuwa na moto mmoja tu, nao uliwaka uani kwa Mtemi Silanda. Kwa kuwa moto ulikuwa mmoja, nondo wote wa uwanda waliishi kwake. Walikuwepo wakubwa kama kiganja na wadogo kama punje ya ulezi, wote weupe, wote wakizunguka moto ule mpaka anayepika ilimbidi afunike chungu kwa tumbo lake. Mtemi alijivuna kwamba hata wadudu ni raia zake.

Aliyetaka chakula cha moto alibeba chungu chake hadi uani kwa Mtemi, akasimama foleni, na zamu yake ilipofika aliimba sifa za Silanda kwanza. Asiye na sauti aliimba hivyo hivyo, na Mtemi alisikiliza wote bila huruma kwa masikio yake mwenyewe. Kupeleka moto nyumbani hakukukatazwa. Hakukuwezekana tu. Mtu alipowasha mwenge na kutoka nao langoni, nondo walimfuata kama wingu, wakaurukia mwenge kwa upendo mpaka wakauzima. Basi watu wakadhani dawa ni mwenge mkubwa zaidi. Mwaka mmoja vijana wa Kasense walitoka na mwenge mnene kama shina la mti, wakaubeba wanne. Nondo wote wakaja. Vijana walifika kwao na gogo jeusi, na nondo hadi puani.

Hapa Isofwe tulikuwa mbali kuliko wote. Uji uliopikwa kwa Mtemi ulifika kwetu umeganda, ukikatwa kwa kisu. Na kwetu alikuwepo bibi mmoja, Bibi Mwanisawa, aliyekuwa amebakiwa na meno mawili ambayo hayakuwa yanakutana. Bibi huyu aliugua miguu, asiweze tena kutembea hadi kwa Mtemi, na ikaonekana wazi kwamba safari yake imekaribia. Mkwe wake, mke wa mwanawe, aliitwa Nakazwe. Siku moja Nakazwe alipomletea kipande cha uji, bibi alikiangalia akakirudisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijawahi kuungua ulimi nikiwa mlangoni kwangu. Nataka niungue mara moja, kisha niende."

Nakazwe aliinuka. Alichukua chungu chake kilichovunjika mdomo akaondoka.

Alipofika kwa Mtemi alikuta foleni ndefu, akasimama, akaimba zamu yake ilipofika. Wanasema aliimba vibaya kwa sababu macho yake yalikuwa kwingine. Ng'ombe wa Mtemi alikuwa amepita hapo zamani kidogo na kuacha alichoacha karibu na moto, kikakauka, na cheche ikakidondokea. Sasa kile kibonge cha mavi kilikuwa kinafuka taratibu, chekundu kwa ndani, bila mwali. Na nondo walikipita. Waligombania miali pembeni yake, wakakanyagana vichwani, lakini hakuna hata mmoja aliyekiangalia.

Watu wote wa uwanda walikuwa wamejaribu kuondoka na moto unaojionyesha. Nakazwe akainama kama anayefunga kitenge, akakitia kile kibonge chunguni, akakifunika kwa majivu, akaweka juu yake vibonge vingine vikavu. Kisha akatoka langoni akiaga kwa heshima zote. Walinzi walipochungulia chungu waliziba pua wakamcheka, wakaulizana kama Isofwe siku hizi wanapika hayo.

Alivuka vilima akipuliza kidogo kila alipoona joto linapungua, na kila kibonge kikimpa moto mwenzake. Alifika jua linazama. Akaweka nyasi kavu, akapuliza, na kwa mara ya kwanza Isofwe ikaona mwali. Watoto walikimbia. Hata baadhi ya wanaume walikimbia, lakini hao siwataji, wajukuu zao wako hapa wanakula karanga. Uji ukachemka mlangoni kwa Bibi Mwanisawa. Akatia kijiko mdomoni, machozi yakamtoka.

"Umeniunguza," akamwambia mkwe wake, kwa fahari kama mtu aliyetawazwa.

Na kwa kuwa ulimi uliungua vizuri, akaahirisha kufa.

Habari ikaenea. Watu wa Itamba wakaja, wa Kasense wakaja, kila mmoja na chungu chake, na Nakazwe akawapa makaa bila kumwimbisha yeyote. Kila kilima kikawasha kwa kilichonacho. Itamba walichoma matete, Kasense walichoma mizizi ya vichaka vyao vyekundu, nasi tuliendelea na mavi ya ng'ombe, wala hatukuona haya. Nondo wadogo, waliochoka kusukumwa na wakubwa kule kwa Mtemi, waliona miali mipya kwa mbali wakahamia. Kila jioni walicheza ndani ya moshi wa kilima chao mpaka moshi ukawaingia mbawani. Itamba wakawa wa manjano, Kasense wakawa wa kahawia nyekundu. Wetu walipata rangi ya majivu, na pembeni pakabaki ule wekundu wa ndani ya kibonge, ukang'aa hadi ukawa dhahabu.

Mtemi Silanda alipoona ua wake unapungukiwa watu na nondo, alikasirika. Akaamuru uwashwe moto mkubwa kuliko wote, ili raia zake wenye mbawa warudi, na watu wawafuate. Alichoma kuni zote. Zilipokwisha alichoma milango, kisha kiti chake cha enzi, akabaki amesimama. Mwanga ule ulifika kila kilima, na kweli nondo wakaruka kuuelekea. Walipofika katikati ya uwanda waligeuka kuangalia nyuma, na kila mmoja akaona moto wa kwao, mdogo, unachemsha uji. Wadogo wakarudi makwao. Wakubwa, waliobaki kwa Mtemi kwa kuamini ukubwa, waliingia katika moto ule wote kwa pamoja, na ndiyo maana katika nyasi hizi huoni nondo mkubwa. Kisha mvua ikanyesha, moto wa Mtemi ukazimika, na hakukuwa na mlango wa kufunga.

Siku chache baadaye Silanda alipanda Isofwe kwa miguu yake. Watu walikusanyika, wengine wakiwa wameshaandaa nyimbo ambazo angelazimishwa kuziimba. Mwenyewe alisimama mbele ya moto wa Nakazwe, akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo amsifu nani.

"Huku kwetu hatuuimbii moto, baba," Nakazwe akasema. "Tunapikia. Kibonge umekuja nacho?"

Hakuwa nacho. Nakazwe akamwonyesha zizi. Mtemi akaingia, akainama, akanyoosha vidole viwili, na kutoka mlangoni kwake Bibi Mwanisawa akamwelekeza: "Chagua kilichokauka, mwanangu. Kibichi kitakuaibisha njiani."

Akachagua. Akapewa kaa lake, akalibeba hadi kwake ndani ya kibonge, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa amezoea kukausha kuni, basi moto wake ulitoa moshi mweusi, na nondo wa kule hadi leo ni weusi wenye madoa.

Na tangu siku hiyo kila kilima kina nondo wake, na hakuna anayevuka bonde. Ukungu ukikushika uwandani usijue uko wapi, usipige kelele. Kaa chini, washa moto mdogo, subiri. Akija wa manjano, uko Itamba, watakupa samaki. Akija wa kahawia nyekundu, uko Kasense, ficha mwenge wako. Lakini akija mdogo wa majivu mwenye ukingo wa dhahabu akatua mkononi mwako, inuka uingie nyumba yoyote iliyo karibu. Uji uko tayari, na utakuunguza.