Nani Aliuziba Mtaro wa Kwavyura

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme, ni hizi za juzijuzi ambazo mabati yake bado yanavuja, palikuwa na mtaa ukiitwa Kwavyura. Vyura ndio waliokuwa wenyeji, watu walikuwa wapangaji tu. Katikati ya mtaa ulipita mtaro wa maji ya mvua, ukaingia kwenye kalavati chini ya barabara, ukatokea mtoni.

Gari la taka halikuingia Kwavyura, maana vichochoro vilikuwa vyembamba hata mtu mnene alipita kiubavuubavu. Basi wenyewe wakajipangia utaratibu. Taka zilitiwa kwenye viroba, zikawekwa nyuma ya nyumba, zikangoja. Radi ikinguruma, utaona mlango huu wazi, mlango ule wazi, kila mtu na kiroba chake, mbio mtaroni. "Mvua, pokea!" Wanamwaga. Mvua inapokea, inapeleka mtoni, na mtaa unang'aa kama sahani ya mgeni.

Kidawa alifundishwa utaratibu huo na mama mkwe wake, Bi Mwanakheri, tangu alipoolewa. Sasa miguu ya Bi Mwanakheri ilikuwa imegoma, mdomo ukafanya kazi ya viungo vyote.

"Kidawa, huu ni uji au gundi? Nile au nibandike karatasi?"

"Kula, mama. Midomo ikigandamana tutapumzika."

Wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Shomari, mume wa Kidawa, alikuwa mbali, machimboni. Alipoondoka alisema neno moja: "Mama nakuachia wewe."

Siku zikaenda, mto ukashiba takataka hadi samaki wakahama. Fundi Mahimbo, mchomelea mageti, akaona aibu. Akakata nondo zake mwenyewe, akaunga wavu, akaufunga mdomoni mwa kalavati: maji yapite, taka zibaki. Mjumbe wa mtaa, Ndimbo, akaapa mbele ya watu, "Kila mawingu yakianza, nitawatoa watu tuusafishe." Makofi pwaa! Kisha watu wakarudi majumbani, wakaendelea kujaza viroba.

Masika ikaingia Ndimbo akiwa anamwoza binti yake. Akayatazama mawingu, akasema, "Tule pilau kwanza." Bi Mwantumu, jirani, alikuwa na godoro lililooza. Akaliburuta hadi mtaroni. "Mvua, pokea!"

Kidawa alikuwa ameshamwinua mama mkwe ampeleke nyumba ya mwinukoni, maana chumba chake kilikuwa ukingoni mwa mtaro.

"Hebu niache," Bi Mwanakheri akasema. "Mimi si sukari, siyeyuki. Peleka viroba, mvua haikungoji wewe."

Kidawa akamlaza tena. Akachukua viroba, akakimbia.

Alikuwa bado mtaroni, mikono mitupu, alipoyaona maji yakifanya jambo ambalo hayajapata kulifanya: yanarudi. Taka zimeshonana kwenye wavu, godoro limelala juu ya taka, na maji yanapanda kuelekea majumbani. Akatupa kanga, akakimbia. Mlango wa chumba ulikuwa umebanwa na maji, haufunguki. Walipouvunja, Bi Mwanakheri alikuwa kimya. Kwavyura nzima haikuwahi kumwona akiwa kimya.

Shomari akafika matangani na vumbi la machimbo nguoni, mama keshazikwa. Hakusalimia.

"Nani kaniulia mama?"

Fundi Mahimbo akasimama. "Ni mimi, ndugu yangu. Kabla ya wavu wangu maji yalikuwa yakipita. Nimeuokoa mto, nimemzamisha mama."

Ndimbo akasimama. "Kaa chini, Fundi. Wavu haukuwa na kosa. Mimi niliapa, kisha nikala pilau. Ni mimi."

Bi Mwantumu akashindwa kusimama, akasema palepale mkekani, "Hata mngeusafisha, baba, lile godoro langu peke yake lingeuziba. Ni mimi."

"Siku za kuzoa taka mnajificha uvunguni," mtu akaropoka huko nyuma, "leo mnagombea nafasi!"

Hakuna aliyecheka.

Shomari akamgeukia mkewe. "Kidawa, wewe ulikuwepo. Nitajie mmoja. Huyo mmoja, kuanzia leo, hatuzikani. Akifa sendi, nikifa asije."

Kidawa akawatazama. Akimtaja Mahimbo, amemtaja mtu pekee aliyeuonea mto huruma. Akimtaja Ndimbo, binti wa watu ataanza ndoa yake na laana ya msiba. Akimtaja Mwantumu, basi ni mtaa mzima, maana nani hakumwaga? Akijitaja mwenyewe, Shomari ndiye hatamzika. Na mikono yake ilikuwa inakumbuka uzito wa yule mzee, alivyoinuliwa, alivyolazwa tena. Hilo hakuna aliyeliona. Lilibaki neno la mwisho, "Peleka viroba," lakini kulisema ni kumtia hatiani marehemu mbele ya mwanawe, naye hawezi kujitetea, yeye aliyekuwa hashindwi na jibu.

"Sema," Shomari akasema.

Kidawa akafumbua mdomo.

Haya, mliokaa hapa mkisikiliza, msimwachie mzigo huo peke yake. Je, nani alistahili kutajwa?