Paa Lianze Juu

Palikuwa na watu watano katika baraza ya Liwali wa Kigurunde asubuhi ile, na ni vema niwataje kwa majina, maana wasimulizi wengine wamewaongeza hadi wakafika kumi na wawili. Wa kwanza, juu ya kiti chenye mito, alikuwa Liwali mwenyewe, Seif bin Humud. Wa pili, kuliani kwake, Kadhi Mwinyihatibu bin Kombo. Wa tatu, karani Alfani Kidawa, na daftari lake. Wa nne, Khelef bin Nasor, mkandarasi, amevaa joho jipya. Wa tano, chini kwenye jamvi, Mwinjuma wa Tupa, fundi wa kuezeka makuti, hana joho. Alikuwapo na paka, lakini paka simhesabu.

Shauri lilikuwa paa. Makuti ya nyumba ya Liwali yalikuwa yamechakaa, masika ilikuwa imebakiza siku tisa ifike, na Liwali alitaka fundi mwaminifu. Mmoja alikwisha mfukuza. Kosa lake? Alianza kuezeka chini, penye mchirizi, akapanda juu, kama waezekaji wote wafanyavyo. Kwa hiyo kibaraza cha watumishi kikapata kivuli siku mbili kabla ya chumba cha Liwali. Liwali hakuyaweza hayo.

"Katika nyumba yangu," alisema, "kahawa huanza juu. Salamu huanza juu. Na paa litaanza juu, kileleni, ndipo lishuke kwa wadogo. Khelef, waweza?"

"Naweza, bwana mkubwa."

"Si vibaya?"

"Ni vizuri, bwana mkubwa. Nashangaa hatukufikiri mapema."

Kadhi akajikohoza. "Na mvua, Khelef? Halitavuja?"

"Likivuja, Sheikh, litavuja kwa adabu."

"Hapo nakubali," Mwinjuma akasema kutoka jamvini. "Litaanza kuvuja kwa Liwali."

Karani Alfani akainamia daftari ghafla, kama mtu aliyeangusha kitu ndani yake.

Liwali akageuka. "Wewe ndiye Mwinjuma?"

"Shikamoo, bwana. Ndiye."

"Umeezeka nyumba ngapi?"

"Sikuzihesabu, bwana. Zilizovuja nazijua. Mbili."

"Unakiri mbele ya Kadhi!"

"Nilirudi nikazitengeneza. Ndiyo maana nazijua."

"Khelef, zako zilizovuja?"

"Hakuna hata moja, bwana mkubwa."

"Hilo ni kweli, bwana," Mwinjuma akasema. "Hajarudi kuitazama hata moja."

Liwali akasogeza mto mmoja, akauweka pale pale ulipokuwa. "Haya, fundi wa nyumba mbili. Nikikupa kazi hii utaanzia wapi?"

"Chini, bwana."

"Mimi nimesema juu."

"Umesema, bwana. Mvua haikuwapo kusikia."

"Huna adabu! Hujafundishwa kwamba mkubwa hutangulia na mdogo hufuata?"

"Nimefundishwa. Ila kuti la juu hulala mgongoni kwa kuti la chini, na hivyo maji hupita. Mdogo asipotangulia kulala, bwana, huyo mkubwa atalala juu ya nini?"

Kadhi Mwinyihatibu akatazama dari. Haikuwa heri, maana kupitia dari ile aliona mbingu.

Liwali akainuka. Wote wakainuka, isipokuwa paka.

"Sikiliza, Mwinjuma. Siwezi kufundishwa kutawala na mshona makuti. Kama paa la kuanza juu ni baya, nipe shahidi. Wala usiniletee mkwezi wala mchukuzi wa chokaa. Neno la maskini ni upepo. Nataka shahidi mwenye cheo. Ukimkosa, makuti ya nyumba yako yatashushwa leo kabla ya adhuhuri, na yataezekwa hapa, kuanzia juu."

Mwinjuma hakujibu. Nyumbani kwake, chini ya makuti hayo, mkewe, Binti Chamwingo, alikuwa na mtoto wa siku kumi na moja. Na watu wenye cheo aliowajua yeye wote walikuwa mbele yake, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimtaka shahidi.

Kimya kile kilimpendeza sana Khelef. Mtu mwingine angekiacha.

"Bwana mkubwa," akasema, akiweka joho sawa, "yeye hana shahidi, lakini mimi ninaye. Mudiri Athmani bin Mzungu wa Kidutani. Mwaka jana nilimwezekea nyumba yake, na kwa heshima yake nilianza juu, kama utakavyo wewe. Hajanilalamikia hata neno moja."

"Mudiri!" Liwali akakaa tena, amefurahi. "Karani, andika. Athmani bin Mzungu. Mudiri. Hakulalamika. Umeandika?"

"Nimeandika, bwana."

"Kadhi, huyo ni shahidi?"

"Ana cheo," Kadhi akasema polepole. "Cheo anacho."

"Umesikia, Mwinjuma? Mtu mkubwa, paa lake limeanza juu, wala hana lalamiko. Una neno juu ya Mudiri?"

"Sina, bwana. Alikuwa mtu mwema. Nyumba yake naijua. Niliitwa kushusha makuti yale na kuiezeka upya."

"Nani alikuita? Yeye mwenyewe?"

"Mjane wake, bwana. Mudiri Athmani bin Mzungu alikufa kwa kichomi, siku ya tatu ya masika."