Nguchiro Aliyekimbia Bila Mpira

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wake zao na majirani wa kugombana nao, kiangazi kilikausha visima vyote, likabaki dimbwi moja tu. Kifaru na Kiboko wakalihodhi. Wao wanywe kwanza, waoge, wagaegae. Wadogo waje baadaye kuramba tope. Watoto wa Nguchiro wakaanza kuumwa matumbo, na baba yao roho ikamuuma kwelikweli.

"Tucheze mpira," akawaambia wakubwa. "Atakayefunga kwanza, dimbwi lake mpaka mvua."

"Kwa! Kwa! Kwa!" Kiboko alicheka. "Wewe na nani?"

"Mimi na Mjomba Kobe."

Wakacheka hadi wakakaa chini. Lakini Kifaru alizijua mbio za Nguchiro. Akamnong'oneza mwenzake, "Kobe ni jiwe tu, mwache. Wa kukabwa ni huyu mdogo. Nitamganda popote, hata akienda jikoni kwake!"

Alinong'ona kwa sauti ya kifaru. Nguchiro alisikia kila neno, akachekea tumboni.

Mpira ukaanza. Nguchiro akienda kulia, Kifaru huyo, puu! puu! puu! Akienda kushoto, yupo. Hapapitiki! Basi akampasia Kobe mpira, akatimua mbio pembeni, miguuni hana kitu.

"Nipe, Mjomba! Nipe!"

Kifaru nyuma yake. Uwanja wenyewe ulikuwa mbuga, hauna mstari wala kibendera. Nguchiro akapita kichaka, akapita kichuguu, akaingia jikoni kwake. Kifaru naye akaingiza kichwa, fremu ya mlango ikamnasa shingoni.

"Karibu, shemeji," alisema mke wa Nguchiro, akikoroga mlenda. "Mbona unahema?"

"Namkaba mumeo!"

Mumewe alikwisha kutoka nje kupitia dirishani. "Kiboko! Nakuja mwenyewe! Nipe, Mjomba, nipe!"

Kiboko, aliyekuwa golini, akababaika. Mwenzake haonekani, mdogo anakuja mbio! Akaliacha goli, akamvamia. Nguchiro akakata kona, akamvuta mbali, mbali zaidi, mpaka kwenye miiba.

Na Kobe? Kobe alikuwa akitembea. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemtazama. Aliusukuma mpira kwa pua, akapumzika, akausukuma tena.

"Kifaru! Goli!" Kiboko alinguruma, miiba ikimchoma. "Nani yuko golini?"

Hakuna mtu. Tii! Mpira ukaingia.

"Gooooli!" Wadogo wote wakapiga vigelegele.

Kifaru akafika akikokota fremu shingoni, karibu alie. "Lakini mimi sikumwacha! Sikumwacha hata kidogo!"

"Kweli kabisa, shemeji," alisema Nguchiro. "Asante kwa kunisindikiza."

Siku hiyo watoto wake walikunywa maji safi mpaka wakabeua, na wakubwa wakapanga foleni nyuma ya Kobe, ambaye hanywi haraka.

Basi wanangu, ukimkodolea macho mwenye mbio peke yake, mpole atapita mgongoni kwako.