Kitasa cha Mbwana na Mlango wa Mama

"Usizibe mlango wa uani kwa kuwa wa mbele unang'aa." Mmemsikia fundi akisema hivyo mkacheka, sasa mwataka kujua maneno hayo kayatoa wapi. Kayatoa nyumbani kwetu, Tanga, harusi ya Riziki. Nilikuwepo, wajukuu zangu, tena nilifungiwa ndani!

Kaka yangu Mbwana, babake Riziki, alijenga nyumba nzuri, mashaallah. Mlango wa mbele akautia kitasa kisichotaka ufunguo: unaweka kidole, kinakusoma, kinafunguka. Sote tulisomwa. Mama yetu, Bi. Tatu, aliweka kidole mara kumi, kitasa kikamkataa. Miaka hamsini ya kusuka mikeka ilikuwa imeifuta michoro yote ya vidoleni. Tangu hapo akawa anapita mlango wa uani, lakini niliona alivyoumia.

Basi Mbwana akaleta fundi auzibe mlango wa uani kwa matofali.

"Wezi hupitia huko, mama."

Mama akachukua mkeka wake, akaketi kizingitini, akasuka. "Anza, fundi. Nijengee humuhumu." Fundi akasema atarudi harusi ikiisha.

Siku ya siku ikafika! Ndoa imefungwa msikitini, bwana harusi, Shekue, anakuja na watu wake kumpa mkono Riziki, matwari yanalia, sisi ndani tunapiga vigelegele mpaka koo zinakauka. Kumbe watoto wenye vidole vya halua walikuwa wakikibonyeza kitasa tangu asubuhi. Kikalia pii, kikaganda. Kwa ndani hakifunguki, kwa nje hakifunguki, na madirisha yote yana nondo. Mlango wa uani, kwenye masufuria, hakuna aliyeufikiria kwa bwana harusi.

Nikapiga kelele dirishani, "Jamani, mlango umekataa!" Wakaangua kicheko. Mnajua desturi yetu: wanawake huzuia mlango mpaka bwana harusi atoe kifungua mlango. Wakanipitishia doti ya kanga kwenye nondo.

"Si mchezo, umekataa kweli!"

Wakaongeza doti ya pili, na wapiga matwari wakazidisha!

Mwisho mchezo ukachacha. Ami yake Shekue, Mzee Jumbe, mtu wa hasira za karibu, akanyamazisha ngoma. "Mnatusimamisha juani kama ombaomba? Tunarudi kwetu, na bwana harusi wetu!" Riziki akanishika mkono analia, wanja wote mashavuni. Mbwana huko nje jasho linamtoka, anasugua kidole kwenye kitasa chake.

Ndipo Mama akatokea huko nje, kazunguka kutoka uani, mwiko wa pilau mkononi.

"Shekue, mwanangu, njoo upite huku."

"Bwana harusi apite jikoni?" Mzee Jumbe akafoka.

"Mgeni hupita mbele, mwana hupita uani," Mama akamjibu. "Shekue, wewe ni nani kwetu?"

Shekue hakumtazama ami yake. Alivua viatu, akakunja kanzu, akapita katikati ya masufuria, na wapishi wakampokea kwa vigelegele vilivyofika mtaa wa pili. Mzee Jumbe akafuata akinung'unika. Alipofikia pilau alikuwa ameshanyamaza.

Jumatatu fundi akarudi na matofali yake. Kitasa kilikwisha tengenezwa, na Mama alikuwa ameketi palepale kizingitini na mkeka wake. Mbwana alitoka kwa mlango wake wa mbele, akazunguka nyumba nzima, akaja uani akabisha, "Hodi, mama." Akaketi karibu naye.

"Rudisha matofali yako, fundi," Mbwana akasema. "Na ukienda kwa wengine, waambie: usizibe mlango wa uani kwa kuwa wa mbele unang'aa."