Kipupwe Kisichokuwa na Baridi

Paukwa!

Pakawa!

Sauti zenu ndogo leo. Mnaota jua la Julai, mmelegea. Itikieni vizuri, maana ngano yenyewe si ya kuchekesha sana. Paukwa!

Pakawa!

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaitana mikutano, palikuwa na mlima mmoja mrefu. Wanyama waliishi mlimani, kupe waliishi bondeni. Kila kipupwe kilipofika, sakitu iliufunika mlima, majani yakaganda yakawa meupe pe. Kupe aliyejaribu kupanda alikufa kwa baridi. Wanyama walitetemeka, tete tete tete, wakanung'unika, lakini watoto wao walikua.

Alikuwako Funo mmoja, jamii ya paa, mdogo wa umbo, mwenye haya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, naye alimpata uzeeni. Tunu alikuwa na kifua kibovu. Upepo ukivuma kidogo tu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Mwaka mmoja kipupwe kikaja bila baridi. Jua likawaka asubuhi mpaka jioni. Majani yakachipua si wakati wake. Na Tunu hakukohoa hata mara moja. Alirukaruka huku na huku, na mama yake akamtazama akafurahi. Alifurahi mno, nisiwafiche.

Siku moja Funo akashuka kunywa maji. Akaona kupe kwenye jani. Akapanda kidogo, akaona wawili. Akapanda tena, karibu na malazi yake, akaona kundi zima linakuja juu, nyata nyata nyata. Akajua kwamba baridi isipokuja, hawa watafika.

Joto lile likazua maneno mengi. Nyati, mkubwa wao, akaita mkutano.

Pimbi akasema, "Tuhamie kileleni. Huko sakitu ingalipo, kupe hawafiki."

Nyani akacheka, kwa kwa kwa. "Pimbi, una wasiwasi wewe. Babu yangu aliliona joto kama hili, na mimi si huyu hapa?"

Kobe akasema, "Joto gani? Mimi sisikii kitu." Na gamba lile, angesikia nini?

Bahati mbaya, asubuhi ile kulipiga kibaridi kidogo. Nyani akajikunyata makusudi. "Haya, natetemeka. Joto lenu liko wapi?" Wakaangua kicheko.

Nyati akatikisa kichwa. Ndani ya sikio lake alikuwamo kupe mmoja, mnene, ananong'ona, "Kileleni hakuna majani, mzee wangu. Utakonda bure." Nyati akadhani ni mawazo yake mwenyewe.

Akageuka. "Mama Tunu, wewe hushuka bondeni kila siku. Umewaona kupe wakipanda?"

Funo akamtazama mwanawe anacheza juani, kifua kimepona. Akafikiria baridi ya kileleni. Akafikiria kicheko cha Nyani. Akasema, "Sijui, mzee. Labda."

"Basi kwa labda hatuhami," Nyati akasema, na mkutano ukavunjika.

Jamani, neno moja tu lile. Kupe wakapanda, nyata nyata nyata. Wakaingia masikioni, wakaingia makwapani. Watoto wakashikwa na homa. Tunu alikuwa wa tatu kuugua. Hakukohoa, alilala tu, mwili moto, akiomba maji. Funo alimlamba mpaka ulimi wake ukakauka. Siku ya nne Tunu hakuamka.

Sasa ndipo walipoogopa. Wakawabeba watoto waliobaki, wakapanda kileleni, parakacha parakacha, majani yakivunjika. Funo alitangulia, akiwafungulia njia.

Nyati akamwuliza kwa upole, "Mama Tunu, huko baridi ni kali, nawe huna tena mtoto wa kuokoa. Unapandia nini?"

Funo hakusimama. "Nawapeleka wa wenzangu. Wa kwangu niliulizwa mapema, nikasema sijui."

Hata Nyani siku hiyo hakucheka.

Funzo nalisema wazi, na wakubwa mnisikie kuliko watoto. Asubuhi moja ya baridi haifuti joto la msimu mzima. Na anayelijua jambo akalinyamazia kwa kuwa linampendeza, atakuja kulisema siku ambayo halimsaidii tena. Hadithi yangu imefika hapo, nami naiacha hapo.