Katibu na Malkia wa Soko

Mvungu haumjui mkubwa. Kilichomo humo hakimfuati mtu aliyesimama wima, hata awe na haki upande wake. Yaw Anokye alilijua hilo baada ya kuumbuka.

Yaw alikuwa katibu wa chama cha uhuru mjini Asuboa, mji wa kakao katika Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Alikuwa ametoka gerezani, alikofungwa miezi sita kwa kuongoza mgomo. Sasa zilibaki siku mbili daftari la wapiga kura lifungwe, na wanawake mia nne wa soko walikuwa hawajajiandikisha. Bila wao, kiti kingekwenda kwa kibaraka wa wakoloni. Nao hawangenyanyua mguu bila neno la Maame Pinamang, malkia wa soko, ambaye siku ya mgomo alikataa katakata kufunga soko. Yaw alikuwa amemwekea kinyongo tangu siku hiyo.

Alimwendea na makubadhi miguuni, bega limefunikwa, ilhali desturi ya huko ni kuvua viatu na kushusha nguo begani mbele ya mkubwa. Alipoletewa maji ya mgeni, aliyasukuma kando akaanza kuhutubia.

"Makubwa haya!" Maame alisema huku akimenya ndizi. "Maji hajanywa, habari za atokako hajaulizwa, keshaanza! Huko gerezani walikunyoa nywele tu, au walikunyoa na adabu?"

Soko zima likaangua kicheko. Yaw akaondoka uso umemsawijika.

Nyumbani, mkewe Boatemaa hakumbembeleza. "Gereza umelivumilia, maji ya kunywa ndiyo yamekushinda? Baba, unataka uhuru au unataka sifa?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa jibu alilijua. Asubuhi alirudi sokoni. Alivua makubadhi, akashusha nguo begani, akawaamkia wanawake mmoja mmoja kuanzia kulia kwenda kushoto kama desturi itakavyo, bila kumruka hata muuza chumvi. Akanywa maji yote.

"Maame, jana nilikosa," alisema. "Nimekuja kuomba majina yenu daftarini."

"Chini ya meza yangu kuna kitu. Kitoe mwenyewe."

Yaw alipiga magoti kwenye maganda na tope, akatambaa mpaka kichwa kikagota ubao. Safari hii hakuna aliyecheka. Akatoka na gunia, akalifungua. Ndani mlikuwa na bendera ya chama, ile ile ambayo polisi waliitafuta ofisini kote siku ya mgomo, walipomkamata. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Niliitoa ofisini kwenu kabla polisi hawajafika. Ningefunga soko siku ile, meza hii ndiyo wangeipekua ya kwanza," alisema Maame. "Nikakaa nayo, nikimngoja mwenyewe. Jana ulisimama hatua moja tu kutoka hapo, mwanangu, na shingo yako ngumu!"

Yaw alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Maame alifunika ndizi zake, akasimama. "Wanawake, fungeni! Twendeni tukajiandikishe!"

Soko likafungwa mchana kweupe. Wanawake mia nne wakaongozana, bendera mbele, katibu nyuma yao akiwa bado peku. Uchaguzi ulipofika, kiti cha Asuboa kikawa cha chama. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.