Chungu Kisichoepuliwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmeitika kivivu kama mlioshiba. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, mto ulipokuwa ndio barabara, palikuwa na bandari ndogo ukingoni. Mashua zilileta chumvi, zikaondoka na mchele. Nyumba zote zilikuwa kilimani, na wapagazi walipandisha mizigo wakihema: heh! heh! heh!

Jumbe wa mji akawaonea huruma. Akasema, "Tuhamie chini, karibu na mashua. Tuanze na nyumba ya Mwanatatu, maana anaolewa mwezi huu."

Mwanatatu alikuwa mjukuu wa Bi Mkasi, mfinyanzi. Ah, bibi yule alipendwa! Miaka arobaini alichimba udongo wake pale ukingoni, chwa! chwa! chwa! Kila kigae cha kale alichokikuta, alikiweka. Watu wakamtania, "Bibi, utavila?" Naye akicheka nao, mapengo nje.

Siku hiyo hakucheka. "Jumbe, baba, msijenge chini."

"Kwa nini, Bibi?"

"Njooni muone."

Wakateremka, Mwanatatu mbele. Bibi akachimba, chwa! Vigae. Akachimba, chwa! Mchanga wa mto. Akachimba, chwa! Vigae tena. Akachimba, chwa! Mchanga tena.

Jumbe akasema, "Bibi, tumeshuka kote huku kutazama mchanga?"

Bibi akachimba. Chwa! Ko! Jembe limegonga jiwe. Akapangusa kwa viganja. Mafiga matatu, majivu yake yangalipo, na juu yake chungu kizima. Kimejaa mchanga wa mto mpaka mdomoni.

Bibi akasema, "Chungu kizima hakiachwi jikoni, mimi mfinyanzi najua. Kila vigae ni watu waliojenga hapa, kila mchanga ni mto uliowafunika. Mwenzetu huyu alikuwa anapika, mto ukamkuta. Hakuwahi kuepua. Mwanatatu wangu, nakuogopea."

Mwanatatu akamshika mkono. "Bibi, nitakaa juu."

Jumbe akakitazama chungu, akakitazama. "Basi tukae juu, tuwachongee wapagazi ngazi kilimani," akasema.

Wakachonga. Masika ya tatu, mto ukaja. Vuuuu! Ukachukua mashua, ukachukua ukingo mzima. Watu wote walikuwa kilimani. Mwanatatu alikuwa anapika. Akatoka, akatazama maji, akarudi ndani. Akaepua chungu. Akampakulia bibi yake kwanza.

Nanyi wanangu, mkikuta kigae cha wa kale msikipige teke. Kiokoteni, muulize aliyekitumia alipatwa na nini.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye chungu motoni, akaepue.